Ukomunisti: Ulianguka Wenyewe, au Uliangushwa?

Kuna mabishano ambayo tumeyasikia mara nyingi miongoni mwa wanafunzi wetu. Wengine husema: «Ukomunisti ulikufa kwa ugonjwa wake wenyewe.» Wengine hujibu: «Sivyo, adui zake waliunyonga. Kama wangaliuacha kwa amani, ungalistawi.» Neno hili si la kuchezea. Mtu akidhani ya kuwa mafundisho yale yalikuwa mema, ila yaliharibiwa na wengine tu, kesho atatamani kuyajaribu tena, na watakaolipa ni jamaa za maskini. Basi tulipime kwa haki.

Kwanza tukubali yaliyo kweli. Serikali ya Kisovieti ilibanwa sana. Mashindano ya silaha na Marekani yalikula mali nyingi; vita vya Afghanistan, ambavyo iliviingia yenyewe mwaka 1979, viliendelea hata 1989; na mwaka 1986 bei ya mafuta ya petroli iliyoyauza ng'ambo ilishuka mno. Upepo ulivuma kwa nguvu, wala hatukatai.

Lakini tutazame Kuba. Marekani iliifungia biashara tangu 1962, na mwaka 2021 Chama cha Kikomunisti kilikuwa kingali kinatawala. Kumbe kubanwa peke yake hakuangushi utawala. Kisha tutazame Ukraine ya 1932 na 1933. Hakuna jeshi la kigeni lililoishambulia. Serikali ya Stalin iliwanyang'anya wakulima mashamba na nafaka, huku ikiendelea kuuza nafaka nchi za nje. Watu kwa mamilioni wakafa njaa katika nchi yenye udongo mweusi wenye rutuba. Na huko Uchina, tangu 1959 hata 1961, mamilioni wengine walikufa vivyo hivyo. Je, ni adui gani wa nje aliyezikomba ghala zao?

Dawa nayo ilitoka wapi? Mwaka 1978, katika kijiji cha Xiaogang huko Uchina, wakulima 18 walipatana kwa siri kugawana shamba la shirika, kila nyumba ilime sehemu yake. Walijua ya kuwa wangeweza kufungwa, hata wakaahidiana kuwalea watoto wa watakaokamatwa. Mavuno yaliyofuata yakazidi sana yale ya zamani. Udongo ulikuwa ule ule, na watu wale wale. Mzazi akijua ya kuwa jasho lake litawashibisha watoto wake, mkono hauchoki upesi.

Tena kuna jambo ambalo wabishi hulisahau. Katika Ulaya ya Mashariki, nguvu ya nje ndiyo iliyoutegemeza ukomunisti. Watu wa Budapest walipoinuka mwaka 1956, vifaru vya Kisovieti viliwakanyaga. Na watu wa Praha walipotafuta uhuru mwaka 1968, vifaru vilikuja tena. Ukuta wa Berlin ulijengwa mwaka 1961, nao haukuwazuia adui wasiingie, bali raia wasitoke. Mwaka 1989 Gorbachev alipokataa kutuma vifaru, serikali zile zilianguka moja baada ya nyingine. Nyumba iliyosimama kwa nguzo za jirani, jirani akiziondoa nguzo zake, tuseme yeye ndiye aliyeibomoa?

Na walioisukuma nyumba ile walikuwa wenyeji wake. Agosti 1980, wafanyakazi wa Gdańsk katika Polandi waligoma, wakaunda chama cha Solidarność, kilichopata wanachama kama milioni 10. Serikali iliyojiita ya wafanyakazi ikawafunga wafanyakazi, Desemba 1981. Oktoba 1984 polisi wa siri walimwua Padri Jerzy Popiełuszko, aliyewahimiza watu kuushinda ubaya kwa wema. Watu wale hawakulipiza kwa bunduki. Juni 1989, kura ziliporuhusiwa, walipata viti 99 kati ya 100 vya Seneti.

Papa Yohane Paulo II, mwenyewe mzaliwa wa nchi ile, aliyapima mambo haya katika barua yake Centesimus Annus ya mwaka 1991. Alitaja haki za wafanyakazi zilizovunjwa, na uchumi usiofaa. Lakini sababu ya ndani kabisa aliiona katika utupu wa roho za watu waliofundishwa kumkana Mungu. Tena alionya ya kuwa anguko lile halikuwahalalishia matajiri tamaa ya mali isiyo na sheria. Maskini aliyedhulumiwa hubaki na madai yake, ajapokuwa mdhalimu wake si Mkomunisti.

Sisi tunahukumu hivi: mchwa uliula mti kwa ndani, upepo ukaumalizia. Asiyeona ila upepo atapanda mti ule ule tena. Wahenga walisema: Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi, ninyi vijana, mtu akija kuwaahidia nchi isiyo na maskini, msimwulize kwanza adui zake ni nani. Mwulizeni: Je, mkulima atabaki na mavuno yake? Mfanyakazi ataweza kusema «hapana» bila kufungwa? Mama ataweza kumfundisha mtoto wake kusali? Akishindwa kujibu hayo, msimfuate, hata akija na maneno matamu ya namna gani.