Kabla Hujazoea Maikrofoni

Gisenyi, Rubavu

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia umepata kazi ya utangazaji hapa hapa mjini. Hongera sana.

Januari 2005 mimi na mama yako tulikwenda Kigali, Uwanja wa Amahoro, kutazama filamu ya Raoul Peck, *Sometimes in April*. Maelfu tulikaa uwanjani humo ambamo mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, watu walikimbilia kutafuta ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Mahakama za kijamii za gacaca zilikuwa zikienea nchi nzima, na mtu alimpima jirani kwa macho kabla ya kumwamkia. Mama mmoja nisiyemjua alikaa ubavuni mwangu. Wa upande gani? Nilijiuliza, naye bila shaka alijiuliza. Risasi za filamu zilipoanza akanishika mkono, hakuuachia tena.

Filamu ni ya ndugu wawili: Augustin mwanajeshi, na Honoré mtangazaji wa redio ya chuki ya RTLM. Honoré hashiki panga, anaongea tu. Kisha anawapakia garini mke na watoto wa nduguye awaokoe, na kwenye kizuizi cha barabarani umaarufu wake wa redioni hautoshi kuwapitisha.

Sisi wa Gisenyi tulimfahamu mtu wa namna hiyo. Hassan Ngeze, muuza magazeti wa mji huu, alianzisha gazeti la *Kangura* mwaka 1990, na Desemba akachapisha zile amri kumi dhidi ya Watutsi. Watu walilinunua kama gazeti lolote, wakacheka katuni zake. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda huko Arusha ilimfunga maisha mwaka 2003; rufaa ikapunguza hadi miaka 35.

Sasa wewe. Tangu waasi wa M23 waichukue Goma, ng'ambo ya mpaka, Januari 2025, simu zimejaa sauti za WhatsApp: fulani sura yake ya kule, fulani jina lake la huku. Watakutumia uzirushe hewani. Uliza nani aliona, wapi, saa ngapi. Asipokuwa na jibu, piga muziki. Na mgeni wa kipindi akianza kutaja kabila la mtu katika habari ya bei ya samaki wa sambaza au foleni ya mpakani Petite Barrière, mkatize, hata awe mkubwa. Mkuu wako akinuna, nipigie.

Njoo Jumapili baada ya adhuhuri tuitazame filamu hiyo. Mtazame Honoré zaidi kuliko wanajeshi. Mama yako usimlazimishe. Siku ile uwanjani alitoka filamu haijafika nusu.

Mjomba wako