Tangazo la Mkaanga Bhajia

Tangu Jumatatu kuna jalada la rangi ya kaki mezani pangu. Ndani yake mna karatasi nne: barua ya malalamiko, maelezo ya mlinzi, nakala ya kanuni za nidhamu iliyopigiwa mistari kwa wino mwekundu, na picha ya bango lililobandikwa kwenye ukuta wa maktaba wiki mbili kabla ya mahafali. Bango lenyewe lina sentensi moja. Linawaarifu wahitimu kwamba joho na mkokoteni wa kuuzia soseji vitatolewa katika dirisha moja, ili kuokoa muda. Mwanafunzi aliyeliandika anashtakiwa kwa kukidhalilisha chuo, nami ni mmoja wa wajumbe watano wa kamati itakayomsikiliza.

Nimelisoma jalada hilo mara kadhaa, na kila ninapolifunga namkumbuka kijana mmoja wa Kihindi.

Nilimfahamu Pune, mji wa jimbo la Maharashtra ambako Wakenya wengi wamesomea. Mimi nilikuwa huko kwa shahada ya uzamili ya sayansi ya siasa. Yeye alikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi, na mlango wa chumba chake ulitazamana na wangu. Jioni tulikutana kwenye kibanda cha chai nje ya lango, kimoja cha vile ambavyo wenyewe huviita tapri, tukasimama na glasi ndogo za chai ya tangawizi mkononi. Hapo ndipo alipotoa maoni yake. Alikuwa na maoni juu ya kila kitu: bei ya petroli, mabeki wa Arsenal, mawaziri, mvua, wachekeshaji wa Mumbai, ndoa ya binamu yake. Aliyamwaga yote pamoja bila kuyapanga, na alipomaliza hoja ya uchumi aliweza kuingia kwenye kona ya mpira kabla hujameza funda lako la chai.

Nakiri kwamba nilimdharau kidogo. Nilikuwa nimejaa nadharia za dola na uraia, na yeye hakuwa amefungua kitabu hata kimoja cha fani yangu. Niliyachukulia maneno yake kama mtu anavyochukulia redio ya jirani.

Hata hivyo, nikiangalia nyuma, naona kwamba baadhi ya maoni hayo yamedumu kichwani mwangu kuliko makala nilizolipiwa karo nizisome. Chukua suala la noti. Tarehe 8 Novemba 2016, serikali ya India ilitangaza usiku kwamba noti za rupia 500 na 1,000 zingekoma kuwa fedha halali ifikapo saa sita ya usiku huohuo. Noti hizo zilikuwa takriban asilimia 86 ya thamani ya fedha taslimu zote nchini. Wataalamu waliandika mengi juu ya fedha chafu na uchumi wa kidijitali. Yeye alinisimulia habari za bibi yake, aliyelazimika kutoa akiba yake kutoka kwenye kopo la mchele mbele ya mume wake, ambaye kwa miaka arobaini hakujua kwamba kopo lile lilikuwa na kitu zaidi ya mchele. "Bhai," aliniambia, "wezi walikuwa na watu wa kuwapangia foleni. Walionaswa usiku ule ni kina bibi." Nilicheka, nikaliweka neno hilo katika fungu la mizaha. Agosti 2018 Benki Kuu ya India ilitoa taarifa yake: asilimia 99.3 ya noti zilizofutwa zilikuwa zimerudi benki. Fedha chafu iliyotarajiwa kuteketea haikuteketea.

Kuhusu mpira alikuwa na uchungu wa mtu aliyerithi nyumba kubwa iliyobomoka. Aliniambia kwamba mwaka 1911, Calcutta, Mohun Bagan, timu ambayo wachezaji wake karibu wote walicheza pekupeku, iliifunga timu ya kikosi cha jeshi la Uingereza mabao 2 kwa 1 na kutwaa Ngao ya IFA. Kwamba mwaka 1956 India ilimaliza ya nne katika Olimpiki ya Melbourne. Kwamba iliwahi kuwa bingwa wa Asia katika michezo ya 1951 na ya 1962. Kisa cha 1950 kilimkera hasa. Dunia nzima imeambiwa kwamba India haikwenda Brazili kwenye Kombe la Dunia kwa sababu wachezaji walikatazwa kucheza bila viatu. Yeye alishikilia kwamba viatu vilikuwa kisingizio: viongozi wa shirikisho waliithamini Olimpiki tu, wakalidharau Kombe la Dunia, na baadaye ikawa rahisi kuwasingizia wachezaji miguu yao.

"Lakini kuna faida," aliongeza. "India haijawahi kufungwa kwenye Kombe la Dunia."

"Kenya pia," nikamjibu.

Alinyoosha glasi yake ya chai, tukagonganisha kwa heshima ya rekodi zetu mbili zisizo na doa.

Jumapili moja alinipeleka kuona sanamu. R. K. Laxman, mchoraji wa vibonzo aliyefia Pune mwaka 2015, alimchora katika gazeti la Times of India kwa zaidi ya miaka hamsini mzee mmoja mwenye koti la miraba, dhoti na miwani, aliyejulikana kama Mtu wa Kawaida. Mzee huyo yuko kila mahali: kwenye mikutano ya mawaziri, kwenye foleni, pembeni mwa mafuriko. Anaona kila kitu na hasemi neno. Mjini Pune amesimamishwa kwa shaba. Mwenzangu alimzunguka mara moja, kisha akasema kwamba anampenda, ila hajui kama angetaka kukaa naye bweni moja.

Januari 2018 Waziri Mkuu Narendra Modi aliulizwa katika mahojiano ya televisheni kuhusu ajira. Akauliza naye: mtu anayeuza pakora na kurudi nyumbani na rupia 200 jioni, huyo si ameajiriwa? Pakora ni bhajia zetu hizihizi, za vitunguu au viazi, zilizochovywa kwenye unga wa dengu. Jibu hilo liliwaka kama mafuta yaliyomwagikiwa na maji. Katika miji kadhaa wanafunzi walivaa majoho wakakaanga pakora barabarani. Mwaka huohuo Shirika la Reli lilitangaza nafasi zipatazo 90,000, na maombi yakapita milioni 20.

Basi Februari, asubuhi moja, kwenye ubao wa matangazo wa bweni letu palikuwa na karatasi iliyochapwa vizuri, yenye nembo iliyochorwa kwa kalamu. Idara ya Ajira inatangaza nafasi ya Mkaanga Bhajia Msaidizi. Sifa: shahada ya uhandisi, daraja la kwanza. Uzoefu: miaka miwili ya kukata vitunguu bila kulia. Walio na shahada ya uzamili wasiombe, kwa kuwa nafasi ya kuonja imejaa. Nililisoma nikiwa na taulo begani, nikacheka hadi nikashika ukuta.

Kufikia mchana karatasi ilikuwa imeng'olewa. Kufikia jioni tuliitwa mmoja mmoja kwa msimamizi wa bweni, kwa kuwa mtu fulani alikuwa amepeleka habari kwamba mabweni yanatumika kulitukana taifa. Msimamizi hakuwa mtu mkali. Aliniagizia chai. Akanikumbusha, kwa upole, kwamba kibali changu cha kukaa kingehitaji barua ya chuo mwezi uliofuata, kisha akaniuliza kama nililiona tangazo, na kama ndani yake niliona tusi lolote.

Nilijibu kwamba sikuliona.

Ningeweza kusema kwamba nililiona na kwamba lilikuwa mzaha. Hakuna aliyenitaka nimtaje mwandishi. Alikuwa ameshajitaja mwenyewe asubuhi ileile. Kilichohitajika ni mtu wa kueleza kwamba halikuwa tusi, na nilikuwa nasomea shahada juu ya mambo hayohayo. Nikanywa chai yangu, nikashukuru, nikaondoka. Yeye aliandika barua ya kuomba radhi, akapoteza chumba chake cha bweni miezi michache kabla ya mitihani ya mwisho, akahamia kwa mjomba wake upande wa pili wa mji. Alikuwa akisafiri zaidi ya saa moja kwa basi kufika darasani.

Sikumtafuta. Nilijiambia kwamba nina tasnifu.

Mwanzoni mwa Juni ndiye aliyenitafuta. Mumbai kulikuwa na mashindano ya timu za taifa, na Kenya ilikuwa miongoni mwa timu nne zilizoshiriki. Mechi ya kwanza India iliifunga Chinese Taipei mabao 5 kwa 0 mbele ya watu wapatao 2,500. Kesho yake nahodha wao, Sunil Chhetri, alitoa video akiwasihi wananchi waje uwanjani: watukaneni, wakosoeni, lakini waje. Tiketi za mechi iliyofuata, dhidi ya Kenya, zikaisha. Rafiki yangu alikuwa na mbili.

Tulipanda treni. Lonavala tulinunua chikki, ambayo Mswahili yeyote ataiita kashata ya njugu bila kuuliza. Njiani alitoa maoni yake kama zamani, juu ya wale mashabiki wanaokesha kutazama ligi ya Uingereza ilhali hawajui uwanja wa mji wao uko wapi, na sikuweza kumpinga, kwa maana nimeona Gor Mahia ikicheza mbele ya viti vitupu huku mabaa ya Nairobi yamejaa jezi za Manchester. Hakutaja bweni. Nami sikutaja.

Mvua iliupiga uwanja wa Andheri jioni ile kwa hasira ya masika ya kwao. Mpira ulikwama kwenye madimbwi. Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao, nikaanza kujipa matumaini. Kisha Chhetri, aliyekuwa akicheza mechi yake ya 100 kwa taifa, akafunga penalti, Jeje Lalpekhlua akaongeza, na dakika za mwisho Chhetri akamaliza kazi. Tatu bila. Watu walikuwa wakiimba chini ya mvua, naye akanigeukia, maji yakimtiririka kwenye miwani, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumzia mabeki:

"Unajua siku ile nilikuwa nyuma ya mlango wangu? Nilitaka kuona kama watu watacheka. Wewe ulicheka kuliko wote."

Kisha akarudi kutazama uwanja. Nimelifikiria neno hilo kwa miaka, na bado sijui kama lilikuwa shitaka au shukrani. Pengine kwake lilikuwa maoni tu, moja kati ya mengi.

Wenzangu katika kamati watasema kwamba nakuza jambo dogo, mzaha wa mwanafunzi na adhabu ya onyo. Lakini njia inayotoka kwenye mzaha hadi kwenye pingu tunaijua. Novemba 2012, Palghar, katika jimbo hilohilo la Maharashtra, wasichana wawili walikamatwa, mmoja kwa kuhoji mtandaoni kwa nini Mumbai imefungwa kwa ajili ya mazishi ya mwanasiasa, na mwingine kwa kulipenda andiko la mwenzake. Kifungu cha 66A kilichotumiwa dhidi yao kilibatilishwa na Mahakama ya Juu ya India Machi 2015, baada ya mwanafunzi wa sheria kupeleka shauri. Hata hivyo, siku ya kwanza ya mwaka 2021 mchekeshaji Munawar Faruqui alikamatwa Indore, akakaa rumande zaidi ya mwezi kwa vichekesho ambavyo, kwa maelezo ya watu waliokuwa ukumbini, hakuwa hata amevisema usiku ule.

Sisi pia tulifuata njia hiyo. Aprili 2016 Mahakama Kuu yetu ilikibatilisha kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichowatia vijana mbaroni kwa maneno ya mtandaoni. Miaka miwili baadaye Bunge likapitisha sheria ya uhalifu wa mtandaoni yenye makucha mapya. Juni 2025 mwalimu kijana aliyekamatwa Homa Bay kwa tuhuma za alichoandika mtandaoni alifia mikononi mwa polisi Nairobi. Sisemi kwamba kamati yetu ni polisi. Nasema kwamba kabla ya polisi kuna msimamizi mpole, kuna chai, na kuna shahidi ambaye hakuona kitu.

Kikao ni kesho kutwa. Leo asubuhi nimemwandikia mwenyekiti barua fupi. Sijaomba kujitoa, ingawa akiona inafaa anaweza kuniondoa. Nimeomba tu kwamba, kabla mwanafunzi hajaitwa ndani, jambo moja liingizwe kwenye kumbukumbu za kikao chini ya jina langu na cheo changu: kwamba nilipita mbele ya maktaba siku ile, nikaliona bango, nikalisoma lote, na nikacheka.