Nane Nane Ng'ambo ya Mpaka

Mimi ni bwana shamba. Kwetu ni Sirari, wilaya ya Tarime. Ukisimama Sirari unaziona nyumba za Isebania, na Isebania ni Kenya. Sisi Wakurya tuko pande zote mbili. Lugha yetu ni moja na mashamba yetu yanafanana. Sikudhani kwamba siku moja nitajiona mgeni hapo jirani.

Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda. Sababu ilikuwa sumukuvu. Hii ni sumu inayotokana na ukungu unaoota kwenye nafaka. Baada ya siku chache mahindi yaliruhusiwa tena, kwa masharti. Watu wa mpakani walisema, "Wanatuonea." Lakini sumu hii imeua watu pande zote mbili. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki ya Kenya. Mwaka 2016 iliua watu kama 20 kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Mwaka 2023 kikundi cha akina mama karibu na Kehancha, Kenya, kiliniomba nikawafundishe kukausha mahindi. Nilichukua likizo yangu nikaenda kwa wiki tatu. Nilijitolea, sikulipwa. Walinipa chumba na chakula.

Tarehe 8 Agosti ilinikuta huko. Kwetu hiyo ni Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Asubuhi binti yangu alinipigia simu. "Baba, leo Nane Nane. Mbona hukuja?" Nilikuwa nimemwahidi kumpeleka kwenye maonyesho ya Nyakabindi, mkoani Simiyu. Nilikosa jibu.

Kehancha ilikuwa siku ya kazi. Watoto walikwenda shule, watu walikwenda shamba. Nilikaa kimya. Mama mwenye nyumba akaniuliza, "Mwalimu, unaumwa?" Nikamweleza.

Mzee wake akacheka. "Nane Nane ni nini? Sisi tunaijua Saba Saba." Kumbe Saba Saba yake si yangu. Kwetu, tarehe 7 Julai 1954 ilizaliwa TANU. Kwa miaka mingi Saba Saba ndiyo ilikuwa siku ya wakulima. Kwao ni tarehe 7 Julai 1990, watu walipojitokeza kudai vyama vingi.

Mama akasema, "Basi sikukuu yako tuifanye hapa. Kwenu mnafanyaje?"

Nikajibu, "Kila mtu huonyesha alichovuna."

Jioni wanakikundi walikuja na ndizi, viazi vitamu, wimbi na mahindi. Tulivipanga juu ya turubai. Wao walipima kwa gorogoro, mimi nikawaeleza habari za sado. Tulicheka sana.

Kisha nikatoa chupa kavu ya kioo. Nikatia mahindi ya mama yule hadi theluthi ya chupa. Nikaongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, nikafunga na kutikisa. Tukangoja dakika 15. Chumvi iliganda kwenye kuta za chupa. Maana yake mahindi yalikuwa bado na unyevu.

Hapo kicheko kilikwisha. Mama alikuwa na magunia matatu. Mnunuzi alikuwa aje kesho yake. Fedha zilikuwa za ada ya mtoto, muhula wa tatu. Mzee akasema, "Uza. Mnunuzi hapimi."

Mimi nilikuwa mgeni, nakula chakula chao. Niliona vigumu kusema. Lakini nilisema: "Mzee wangu, chupa haionyeshi sumu. Inaonyesha unyevu tu. Lakini mahindi haya yakikaa gunia hivi yataota ukungu. Sumu ikiingia, kupika hakuiondoi. Atakayekula ni mtoto wa mtu, wa Kenya au wa Tanzania."

Mama alinyamaza. Kisha akachukua simu akamwambia mnunuzi asije. Usiku ule tulikula bila maneno mengi. Nikajiuliza kama nimewaharibia nyumba kwa ajili ya sikukuu yangu.

Siku nne tulianika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Tulichambua yaliyovunjika na yenye ukungu, tukayafukia. Hatukuwapa kuku, wala hatukupikia pombe. Siku ya tano tulipima tena. Chumvi haikuganda. Mzee mwenyewe ndiye aliyeitikisa chupa.

Lakini mnunuzi wa kwanza alikwisha nunua kwingine. Nilirudi Sirari mahindi yakiwa bado ndani. Baadaye mama alinipigia simu. Aliuza, lakini mtoto alichelewa shule siku mbili. Hakunilaumu. Alisema wenzake sasa wanakuja kuazima chupa.

Mwaka 2024 nilimpeleka binti yangu Nyakabindi. Njiani aliniuliza, "Baba, mwaka jana ulisherehekea na nani?" Nikamjibu, "Na wakulima." Akaniuliza tena, "Wa Kenya?" Nikasema ndiyo, wa Kenya. Akaona ni sawa.

Ndugu msomaji, kabla hujafunga gunia lako, tafuta chupa na chumvi kavu. Chumvi ikiganda, anika tena. Ukiwa na jirani, mwonyeshe, hata kama yuko ng'ambo ya mpaka.