Miraba Minne

Katika kumbukumbu yangu, neno mraba lina makao mawili. Ubaoni, mwalimu wa hisabati alilifunga kwa masharti: pande nne zilizo sawa na pembe nne za nyuzi 90. Barazani, pandikizi la mtu mwenye kifua na mabega aliitwa jitu la miraba minne, wala hakuna aliyeuliza habari za nyuzi. Neno lenyewe ni la Kiarabu, murabba, na mzizi wake ndio uliotupa robo, arobaini na tarbia, lile shairi la mishororo minne kwa kila ubeti. (Mrabaha haumo katika ukoo huu, huo asili yake ni faida.) Nne, basi, imo tayari ndani ya mraba. Kwa nini tuihesabu tena? Ama jitu lile limebeba maumbo manne mwilini, ama kwa wasemaji mraba uliacha kuwa umbo ukawa upande. Mimi nashika hili la pili. Nguo ya mirabaraba inaniunga mkono, maana anayeitaja hana haja ya kupima umbo lolote. Anachokiona ni mistari. Sarufi nayo ilifungua njia: mu- ya Kiarabu ilichukuliwa kuwa kiambishi chetu, tukapata mraba na miraba, kama kitabu kilivyozaa vitabu. Neno likishakatwa hivyo, ile nne haisikiki tena.

Wapo watakaosema huo ni upotoshaji tu wa wasiojua Kiarabu. Lakini kama ni kosa, basi vitabu navyo ni kosa, na hakuna anayedai tuvirudishe. Hoja nzito zaidi ni ya wanaouliza kwa nini, ikiwa tuna pembetatu yetu wenyewe, tusiseme pembenne tukaachana na mkopo. Tatizo ni kwamba pembenne ina kazi yake: hubeba mstatili, trapeza na kila umbo la pande nne, hata lililopinda vipi. Tanzania ilipoamua mwaka 1967 kufundisha shule za msingi kwa Kiswahili, somo la maumbo lilihitaji jina lisilouruhusu mstatili kuingia, na mraba ulilibeba sharti hilo bila kulifukuza jitu la barazani. Kisha vipimo vikaulegeza upya: Kisiwa cha Pemba, pamoja na ghuba zake zote, hupimwa kwa kilomita za mraba.