Mlio wa Gari katika Mlima wa Lushoto

Barabara ipandayo kutoka Mombo, kupitia Soni, hata Lushoto, ni nyembamba yenye kona nyingi; upande mmoja jabali, upande wa pili bonde. Ni njia ya kuburudisha macho, lakini gari lililopakia watoto na wazee lapasa kuwa zima miguu yake.

Tulipofika Soni, gari letu kubwa lilikuwa likigonga mbele kila tupitapo shimo. Fundi akatufafanulia: mgongo mwepesi wa haraka katika vijishimo hutoka katika linki za stabilaiza, mkwaruzo wa polepole ni bushi za mpira zilizokauka, kishindo kizito ni shokapu au boli jointi. Akaliinua gari kwa jeki, akalitegemeza kwa stendi, akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa: boli jointi imelegea. Hiyo ikichomoka, gurudumu hulala upande na usukani hautii tena.

Ikabadilishwa kabla hatujateremka, na Tanga magurudumu yakapimwa ulinganifu. Basi mwenye jamaa garini asiuzoee mlio. Na bushi mpya zikazwe gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, zisije zikapindika na kuchanika upesi.