Vaa Patipati
Kama umewahi kupanga nyumba Nairobi, unaijua ile shawa ya umeme: kichwa cheupe cha plastiki, nyaya zimefungwa tepu nyeusi, na chini yake koki ya chuma inayokuuma ukiigusa na mkono uliolowa. "Inapiga kidogo tu," keateka wetu husema. "Vaa patipati."

Ploti nzima iliishi hivyo. Mathe wa chini hufungua maji kwa mwiko. Jirani mwingine ameizungushia koki yake mpira wa tyubu ya baiskeli. Tulikuwa tukicheka.

Jumapili moja jioni dada yangu mdogo alipiga nduru mara moja, halafu kimya. Stima ikipita mkononi misuli hukaza, mtu akashindwa kuachilia alichoshika, na anayekimbia kumvuta huweza kunaswa naye. Kwa hivyo sikwenda bafuni. Nilimpa kisogo, nikakimbilia mlangoni na kuzima meni swichi. Ni hatua nne tu, lakini sijawahi kutembea mbali hivyo. Nilimkuta gizani, amekaa sakafuni, maji yanamtiririkia, anatetemeka. Anapumua. Hospitalini walimpima moyo, maana stima inaweza kuvuruga mapigo hata mtu akionekana yuko sawa.

Kesho yake nililipa fundi wangu mwenyewe. Akaniambia shawa ya wati 5,500 kwenye volti 240 hunyonya karibu ampea 23, na waya tuliowekewa ni ule mwembamba wa soketi. Ulikuwa umeanza kuungua. Elementi nayo ilikuwa imepasuka, stima ikiingia moja kwa moja kwenye maji. Kisha akapanda kwenye dari, akashuka bila kusema kitu, akaniitia ngazi nione mwenyewe. Waya wa athi, ule wa kijani na manjano unaopeleka stima ardhini mambo yakiharibika, ulikuwa umekatwa na kukunjwa vizuri kabisa, kama kamba ya kiatu.

"Saa hii athi ni nyinyi," akasema.

Nilituma picha kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti. Landilodi akauliza nani ameruhusu dari ifunguliwe. Mathe wa chini hakumjibu. Aliniandikia mimi: "Mwambie fundi apitie kwangu."

Kufikia saa tatu usiku alikuwa amepitia nyumba sita. Zote sita, waya umekatwa pale pale.