Beki mbovu, tumlaumu nani?

Wadau, nipo Mwamanyili kwa siku chache, na huku ubishi wa Afcon ya 2019 bado haujaisha. Kijiweni wanasema Amunike ndiye aliyetuua. Haya, tukumbushane: Senegal 2-0, Kenya 3-2, Algeria 3-0. Mabao manane mechi tatu! Inayouma ni ile ya Kenya... tuliongoza mara mbili, Msuva kisha Samatta, halafu Olunga akatumaliza dakika ya 80. Julai 8 TFF wakaachana na kocha.

Sawa, kupanga kikosi ilikuwa kazi yake. Ila alipewa timu Agosti 2018. Hivi kwa miezi kumi unamfundisha mtu mzima kukaba? (Tena jamaa mwenyewe alikuwa winga, fainali ya 1994 aliifungia Nigeria mabao yote mawili.) Kocha wa taifa anachagua kilichopo sokoni.

Jana jioni nimewatazama madogo wa hapa wakicheza. Wote wanataka kuwa Samatta. Asiyejua mpira ndiye anawekwa beki, na hakuna mkubwa wa kumwonyesha asimame wapi. Huyo ndiye tutakayemtuma akamkabe Olunga wa kesho.